Mwalimu Aliyefundisha Kutoa kwa Mchezo wa Kati

Habari za kifo chake nilizipata mahali pale pale alipohukumiwa, yaani kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Nilikuwa nimeketi barazani kwangu hapa Gitothua, Ruiru, kikombe cha chai mkononi, simu ikaanza kutetemeka mezani bila kupumzika. Mtu aliandika kwamba mwalimu wetu wa zamani wa chekechea hatunaye tena, presha imemwangusha nyumbani kwake Landless, Thika, na majirani walipopata gari la kumpeleka hospitali alikuwa amekwisha kukata roho. Baada ya hapo ikawa ni picha za mishumaa na mikono iliyounganishwa kwa sala. Pumzika kwa amani, mwalimu wetu. Mbingu imepata malaika. Niliipitisha ile mishumaa kwa kidole nikitafuta majina ninayoyakumbuka, na yote yalikuwepo: yule aliyeandika siku zile kwamba mwanamke huyu ni mvivu, yule aliyesema anawaharibia watoto, na yule aliyeuliza kama kweli ana cheti. Kila mmoja alikuwa amewasha mshumaa wake. Niliigeuza simu kifudifudi, na chai ikapoa bila kunywewa.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba sina desturi ya kulia gazetini. Leo mnivumilie, kwa sababu nina hasira, na hasira yenyewe ni juu ya mtu ambaye wengi wenu hamkumjua wala hamkuwa na sababu ya kumjua. Hakuwahi kuonekana kwenye runinga, na picha yake pekee niliyoiona hadharani ni ile iliyobandikwa juu ya jeneza. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, mwenye stashahada yake na miaka yake ya kazi, na alijua jambo moja kuhusu hesabu ambalo mimi, na nywele zangu hizi nyeupe, nilikuwa sijawahi kuambiwa na mtu.

Nilimfahamu kupitia mjukuu wangu. Mwanangu na mkewe wanafanya kazi Nairobi na huondoka kabla hakujapambazuka vizuri, kwa hiyo mimi mstaafu nikapewa jukumu la kumpeleka mtoto shule na kuhudhuria mikutano ya wazazi. Shule yenyewe iko hapa hapa Ruiru, katika jengo lililojengwa kwa ajili ya wapangaji: chini kuna duka la vifaa vya ujenzi, juu kuna madarasa, na nyuma kuna kiwanja kidogo cha udongo mwekundu kilichozungushiwa ukuta wa mawe. Asubuhi moja nilikuwa nimemfikisha mtoto na sikuwa na haraka ya kurudi, nikasikia kelele za furaha kutoka nyuma. Nikachungulia langoni. Watoto wa chekechea walikuwa wanacheza kati.

Kwa wale waliozaliwa mbali na viwanja vyetu, kati ni mchezo wa mpira wa kurusha. Wawili husimama huku na huku, wengine hukaa katikati wakikwepa. Anayeguswa na mpira hutoka. Katikati huwekwa chupa tupu, na wale wanaokwepa hujitahidi kuijaza udongo huku mpira ukipita vichwani mwao. Chupa ikijaa, wote waliotoka hurudi ndani. Tumeucheza sote, tena kwa mipira ya mifuko ya plastiki enzi zile mifuko haijapigwa marufuku. Mpira wa mwalimu huyu ulikuwa wa soksi kuukuu zilizoshindiliwa matambara. Nilidhani ni saa ya mapumziko. Kumbe lilikuwa somo la hesabu, na lilikuwa limefika katikati.

"Kila mtu asimame pale alipo," mwalimu alisema, na watoto wakaganda, mmoja akiwa na mguu hewani. "Katikati tulianza tukiwa wangapi?"

"Tisa," wakajibu.

"Ukutani wako wangapi?"

"Wanne."

"Sasa nyinyi wa ukutani zibeni macho. Niambieni ndani wamebaki wangapi. Msiwaangalie."

Mtoto mmoja mnene, ambaye nadhani alikuwa wa kwanza kupigwa kila siku, akajibu akiwa amejiziba macho kwa viganja vyote viwili: watano. Mwalimu akamuuliza amejuaje. "Kwa sababu wanne ndio sisi," akasema, "na hao wengine si sisi." Mwalimu hakumpigia makofi. Aliitikia kwa kichwa tu kama mtu aliyepewa jibu la maana na mtu mzima mwenzake, kisha mchezo ukaendelea.

Nilirudi pale mara nyingi baada ya siku ile, na polepole nikazijua sheria zake. Kwenye kati ya mitaani, aliyepigwa huambiwa amekufa. Yeye alilikataza neno hilo. "Hakuna mtu amekufa hapa," aliwaambia, "ametoka, yuko pale ukutani, mnamuona." Waliotoka ndio waliojibu maswali kwanza, kwa kuwa wao hawakuwa na mpira wa kukwepa na walikuwa na nafasi ya kufikiri. Kwa hiyo wale wazito wa miguu, ambao kila mchezo duniani huwaweka pembeni na kuwasahau, kwake ndio waliokuwa na kazi kubwa. Chupa ilipojaa na wote wakarudi katikati, aliwauliza, "Tumetimia?" Nao wakajihesabu kwa kugusana vichwa na kujibu, "Tumetimia, mwalimu." Kama mwenzao hakuja siku hiyo kwa sababu ya kikohozi, hawakukubali kusema hivyo. Walisema, "Hatujatimia," na wakamtaja aliyekosekana na mahali alipo.

Siku moja nikamwambia kwamba nilipofundishwa kutoa mimi, hakuna aliyenieleza vilivyotolewa huenda wapi. Alikuwa anakung'uta vumbi kwenye sketi yake. "Ndio maana watoto wengi wanaogopa kutoa, mzee," akaniambia. "Wanaona kitu kimefutwa tu na rubber, hawajui kimeenda wapi. Ukiwaonyesha kwamba tisa haijapotea, ni vile wengine wako huku na wengine wako kule, hawaogopi tena." Nilikwenda nyumbani nikiwaza juu ya miaka yote niliyokaa darasani nikiichukia alama ile ya kutoa, nisijue kwamba nilichokichukia ni lile pengo.

Na nikauona ukweli wake mezani kwangu. Jioni moja tulikuwa tunaketi kula, mjukuu wangu akatazama viti, akainua kidole na kutugusa mmoja mmoja kwa macho. "Guka, hatujatimia," akaniambia mimi babu yake. Nikamuuliza nani hayupo. "Mami. Yuko kwa jam, Githurai." Hapo ndipo mwanangu alipokumbuka kwamba hajampigia mkewe simu tangu mchana. Mtoto wa miaka mitano alikuwa amefanya hesabu ya kutoa, amepata jibu, na jibu lenyewe lilikuwa ni mama yake.

Daftari lake, hata hivyo, lilikuwa jeupe. Hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Jirani yangu mmoja, mama mwenye duka la nguo pale Ruiru mjini, alikuwa na binti katika darasa lile lile, na alikuwa ameweka moyo wake wote kwenye shule moja kubwa ya upande wa Thika. Shule hiyo ina bwawa la kuogelea, na ina watu wanaowafanyia intavyu watoto wa miaka sita. Mama akamshonea binti gauni jipya, akampeleka. Mtoto akawekwa kwenye kiti kirefu mbele ya meza yenye penseli nane, akaulizwa: nane ukitoa tatu? Binti akashuka kitini. Akachukua penseli tatu, akatembea nazo hadi dirishani, akazisimamisha pale zikiegemea kioo, kisha akageuka kuitazama meza. "Tano," akasema. "Na hizi tatu ziko hapa." Mama yake alikuwa ameketi karibu na mlango na alisikia kila neno. Wiki iliyofuata alipigiwa simu akaambiwa mtoto ni mwerevu lakini hawezi kutulia, amlete mwaka mwingine.

Sijui mama mwingine angefanya nini. Mimi ningependa kuamini kwamba kuna mahali katika nchi hii ambapo mzazi angemuuliza mtu wa simu kama jibu lilikuwa sawa au si sawa. Jirani yangu alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi wa shule yetu, na kufikia Jumamosi tulikuwa tumeitwa mkutano. Mwalimu aliwekwa kiti mbele, peke yake, akitutazama sote.

"Mimi nimeaibika, director," jirani yangu alianza. "Mtoto anaulizwa hesabu, anaamka anatembea kwa ofisi ya watu kama yuko soko. Hiyo ndio anafunzwa hapa?"

Baba mmoja akasimama na daftari la mwanawe, akalifungua kwa kurasa zote nyeupe ili wote tuone. "Na hii ni nini? Term inaisha na mtoto hajaandika kitu. Nguo kila siku ni mchanga. Sisi tunaleta mtoto asome, kucheza atacheza nyumbani kwa ploti."

Nikaomba nafasi. Nikamuuliza jirani yangu, kwa upole kadiri nilivyoweza, mtoto alitoa jibu gani kule Thika.

"Alisema tano," akajibu.

"Basi alikosea wapi?"

"Guka, wewe ni wa zamani," akasema, na tayari wengine walikuwa wanacheka. "Siku hizi si answer wanataka. Ni vile mtoto amekaa."

Kicheko kilipotulia mwalimu akaomba kusema. Hakutoa hotuba. Alisema tu kwamba mtoto aliyeibeba hesabu kwa miguu na mikono yake haisahau, na kwamba kuandika kutakuja, kwa sababu mtoto anaandika vizuri kile anachokijua tayari. "Nipatieni hawa mpaka Grade Two," akasema. "Wakifika huko wakikosa kujua, mnifute mimi mwenyewe." Sauti kutoka nyuma ikamjibu kwamba Grade Two ni mbali, intavyu za wengine ni Novemba. Mkurugenzi, ambaye kabla ya kuwa mkurugenzi alikuwa mtu wa kujenga nyumba za kupangisha na hadi leo hutembea madarasani akigonga kuta kusikiliza kama ni imara, akainua ule mpira wa soksi kwa vidole viwili, akautia kwenye mfuko wa karatasi, akaufunga. Kuanzia Jumatatu, akasema, shule hii ni ya kazi. Ilipigwa kura ya mikono na nilishindwa vibaya. Tulioinua mkono upande wa mwalimu tulikuwa wachache hata nikaona haya kwa niaba ya chumba kizima.

Ninaandika haya nikijua kwamba mtaala wetu, kwa maneno yake yenyewe, unasema mtoto mdogo ajifunze kwa kucheza. Semina zimefanywa, walimu wamepewa vyeti vya semina, na neno mchezo limeandikwa kwa rangi kwenye malango ya shule kuanzia Kiuu hadi Makongeni. Tunalipenda neno lenyewe. Tusichokipenda ni udongo kwenye soksi za mtoto. Sisi wazazi wa miji hii tumefika hapa kwa jasho. Tumetoka kwenye mashamba ya kahawa ya watu wengine, kwenye viwanda na vibanda vya sokoni, na kwa vile sisi tulivuja jasho, tunadhani kitu kilichopatikana bila kuumia si mali halali. Tukiona mtoto ameinama juu ya karatasi akitoa ulimi nje kwa taabu, roho zetu zinatulia. Tukiona alama nyekundu za vema zimejaa ukurasa, tunalala usingizi. Mtoto akija akicheka na anajua, tunashuku tumeibiwa. Halafu mwisho wa mwaka tunawavalisha majoho meusi na kofia za mahafali, watoto wa miaka sita, tunapiga picha nao. Sijamsikia mzazi yeyote akilalamika kwamba hiyo ni michezo.

Mwalimu hakufukuzwa. Kumfukuza kungekuwa na heshima yake. Darasa lake akapewa kijana aliyekuja na rundo la karatasi za kujaza, na yeye akafanywa anti wa gari la shule, yule wa kufungua mlango, kuwapandisha watoto na kuwashusha. Nilimkuta asubuhi ya kwanza ya kazi hiyo amesimama kando ya gari na koti la kijani lisilo lake. Nikamuuliza kwa nini asiondoke tu. "Nina kodi ya nyumba, mzee," akasema. Kisha akaongeza, "Na si bado niko na watoto?"

Mtu wa aina hiyo humshindi kirahisi. Baada ya muda mfupi gari lilikuwa limegeuka darasa. Asubuhi lilikuwa la kujumlisha: linaanza Kiuu likiwa na watatu, kona inayofuata wanaongezeka wawili, wanaulizana wamekuwa wangapi, na hivyo hivyo hadi langoni. Jioni lilikuwa la kutoa: anayeshuka anasimama na mzazi wake kando ya barabara, na gari haliondoki mpaka waliobaki ndani waseme wamebaki wangapi, na aliyeshuka naye akubali kwa kuinua dole gumba. Kila asubuhi mlangoni pa shule walishuka wote, wakajipanga ukutani, wakajigusa vichwa. "Tumetimia, mwalimu." Dereva, kijana mwenye haraka za ujana, alikuwa akipiga honi na kunung'unika, "Mathe, tunachelewa." Mwalimu alikuwa akimjibu kwamba gari linaweza kuchelewa, mtoto ndiye hawezi kusahaulika. Malalamiko ya dereva yakafika juu. Wazazi wawili watatu nao wakaandika kwenye kundi kwamba gari lina kelele. Akaondolewa garini pia, akapelekwa jikoni kugawa uji, na akaletwa anti mwingine aliyewafundisha watoto kukaa na kidole mdomoni.

Sasa niwaeleze lililotokea, maana kundi letu halijawahi kulizungumza, na naona wanaowasha mishumaa wangependa lisizungumzwe kamwe. Muhula huo, siku moja ya jua kali, gari lilifika shuleni kama kawaida, watoto wakashuka kimya na vidole midomoni, mlango ukafungwa, dereva akaondoka na funguo. Mtoto mmoja wa miaka minne alikuwa amelala sakafuni nyuma ya kiti cha mwisho. Mwalimu wa darasa lake aliona hayupo akadhani ni mgonjwa. Hakuna mtu mzima katika shule ile aliyeuliza yuko wapi.

Aliyejua ni yule binti wa penseli. Baada ya mambo ya Thika alikuwa amebaki kwetu na kuingia Gredi ya Kwanza, na alikuwa akipanda gari hilo hilo. Alimwambia mwalimu wake, "Teacher, hatujatimia." Akaambiwa akae chini. Akaandika mstari mmoja, akainua mkono tena, "Teacher, kwa gari tulikuwa kumi na nne. Tumeshuka kumi na tatu." Akaambiwa aache hadithi amalize kazi yake. Haya nimeyasikia kutoka kinywani mwake mwenyewe, na mama yake alikuwa ameketi kando yake akisikiliza. Binti huyo, ambaye hawezi kutulia, akaamka kitini, akatoka darasani bila ruhusa, akashuka ngazi hadi jikoni, akamvuta mwalimu wake wa zamani aproni.

Mwalimu hakumuuliza maswali mengi. Aliuliza moja, "Nani hayupo?" na akapewa jina. Alikimbia hadi kwenye gari, akamwona mtoto kupitia kioo, akaokota jiwe na kuvunja dirisha la nyuma. Walimtoa mtoto amelowa jasho kutoka kichwani hadi miguuni, midomo imekauka, hana nguvu hata ya kulia. Alipona. Alimwagiwa maji, akanyweshwa kidogo kidogo, akapona, na leo ni mtoto mtundu kama wengine. Mkurugenzi aliposhuka kutoka ofisini, swali lake la kwanza mbele ya wote lilikuwa ni nani amevunja kioo.

Kesho yake kulikuwa na sala maalumu shuleni, na Mungu alishukuriwa kwa muda mrefu. Mungu anastahili. Lakini mwalimu hakutajwa, na binti alipewa onyo la kutotoka darasani bila ruhusa. Mwalimu alimaliza muhula, akarudi Landless, akakaa huko akifundisha watoto wa wachuuzi kwenye veranda ya ploti, jengo la wapangaji, alikopanga chumba. Hatukumwita arudi. Kiwanja chetu sasa kimewekwa nyasi bandia, na kwenye lango kuna bango kubwa lenye mtoto wa Kizungu anayecheka na maneno yasemayo kwamba hapa tunajifunza kwa michezo. Kuna vifaa vya plastiki vya rangi rangi vilivyonunuliwa kwa kazi hiyo. Viko kabatini nyuma ya kioo, na hutolewa wageni wakija.

Ibada ya mazishi ilifanyika huko Landless, chini ya hema lililofungwa kati ya ploti mbili, kabla ya safari fupi ya kwenda makaburi ya umma. Nilikwenda. Jirani yangu alikuja na binti yake, na hakuniangalia usoni. Mkurugenzi alikuja kwa suti nyeusi, akapewa kipaza sauti kama mwajiri wa zamani, akasema marehemu alikuwa nguzo ya shule, na kwamba falsafa ya michezo mnayoiona kwetu leo tuliianza naye. Alitumia neno tuliianza. Nilitazama chini nikayahesabu maneno yake ili nisisimame kumpinga. Kisha wakaletwa watoto wadogo wa chekechea, wamevaa sare na soksi nyeupe, wakaghani shairi la kumsifu. Walilighani vizuri sana, wakiwa wamenyooka kama rula. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona.

Walipomaliza wakarudishwa kwenye gari la shule. Nilitoka hemani nikawafuata, sijui kwa nini, miguu tu. Anti alikuwa amekwisha kufunga mlango na kupiga bati la gari kwa kiganja kumwashiria dereva aondoke. Nikasimama mbele ya gari.

"Mko wangapi humo?" nikauliza.

"Wote wako, guka, usijali," anti akanijibu.

"Nimewauliza watoto."

Watoto walinitazama kupitia kioo. Kisha wakamtazama anti kuona kama inaruhusiwa, na mmoja, aliye karibu na dirisha, akaweka kidole mdomoni.

Dereva ni yule yule wa siku zile. Alinitambua, na nadhani alikumbuka jiwe. Akazima injini, akashuka, akafungua mlango mwenyewe, akawashusha watoto na kuwapanga ukutani mwa ploti, karibu na sufuria za wali wa matanga. Akawahesabu kwa kuwagusa vichwa mmoja mmoja, kama alivyoona ikifanywa zamani huku akipiga honi. "Kumi na nane," akasema, akanigeukia. Kisha akamgeukia anti. "Tulitoka nao shule wakiwa wangapi?"

Anti hakujua. Akapiga simu shuleni, na huko wakamuuliza, si anti ndiye anayejua? Dereva akachuchumaa mbele ya watoto akawauliza wao, kwa sauti ya kubembeleza ambayo sikujua anayo. Mmoja baada ya mwingine wakaweka kidole mdomoni. Tukabaki pale na watoto kumi na wanane ukutani, na hapakuwa na mtu mmoja, mdogo wala mkubwa, aliyeweza kusema kama wametimia.

Kwa hiyo, msomaji mwenye mtoto mdogo, mwanao akirudi leo jioni usikimbilie daftari. Muulize walikuwa wangapi darasani, na ambaye hakuwepo alikuwa wapi. Akikosa jibu usimgombeze, hajakosa yeye. Njoo Thika, kwenye makaburi ya umma, nitakuonyesha tulipomlaza mwalimu ambaye angemfundisha.